Tangi la Kioo Katika Chumba cha Bibi

Kosa langu la kwanza lilikuwa maji ya kisima.

Nyumba ya bibi yangu iko Mji wa Kale. Ina ghorofa moja, na katikati yake kuna kiwanda, yaani ua mdogo wa ndani usio na paa, na katika kiwanda kuna kisima. Maji yake yana chumvi kidogo. Tunayaogea, tunafulia, tunasugulia sakafu. Ya kunywa na kupikia tunaletewa kwa mkokoteni, na bibi ana sheria moja juu ya maji hayo: ni ya watu. Mtu asije akayamwaga kwenye mti. Kwa hiyo nilipopata mmea wangu wa kwanza unaokula wadudu, mtego mdogo wenye meno uliokuja kwa basi kutoka bara ndani ya sanduku la viatu, niliunywesha maji ya kisima asubuhi na jioni, kwa kipimo, bila kuruka hata siku moja. Baada ya wiki tatu ulikuwa mweusi. Niliuua kwa bidii.

Baadaye nilisoma kwamba asili ya mimea hii ni mahali penye udongo usio na rutuba, ndiyo maana ikazoea kukamata wadudu, na kwamba mizizi yake haivumilii chumvi hata kidogo. Nilisoma hayo chungu cha ule mmea kikiwa bado mezani mbele yangu. Nikasoma tena na tena, kama vile kusoma sana kungeurudisha.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na sikulikiri mpaka mwaka huu. Hilo lilihusu chumba.

Miaka mitatu iliyopita niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sikufukuzwa, wala sikuanguka mtihani. Nilishindwa kukabidhi kazi. Kila nilichoandika nilikiona kina kasoro, nikakifuta, nikaanza upya, mpaka siku ya kukabidhi ikapita, halafu nyingine. Nilirudi Mombasa na begi moja na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Bibi hakuniuliza kitu. Alinipa chumba chake cha chini, kile kilicho kando ya kiwanda, chenye kuta nene za mawe na ubaridi mchana kutwa, yeye akahamia chumba cha juu.

"Huku chini kwatulia," alisema. "Na mimi juu napata upepo."

Wakati huo magoti yake yalikuwa bado yanamtii.

Nikapata kazi kwenye duka la leso, yaani kanga, huko Biashara Street, kupima, kukunja na kupanga. Ni kazi inayonifaa, kwa sababu leso ikikunjwa vibaya unaikunja tena na hakuna anayeumia. Jioni nilikuwa na simu yangu, na ndani ya simu kulikuwa na watu wa nchi za mbali wanaopanda mimea hii ndani ya matangi ya kioo. Wote walikuwa makini, wenye mikono safi, na matangi yao yaling'aa kama maduka ya dhahabu. Sikuwa na mwalimu mwingine. Niliamini kila walichosema, na nilichoamini nilikifanya mpaka mwisho.

Tangi nililipata mtaa wa Tudor, kwa mtu aliyechoka na samaki wake. Nililipakata kwenye tuktuk mpaka nyumbani kama mtoto mchanga. Nikaliwekea kifuniko, taa mbili nyeupe, feni ndogo, kipimajoto, kipima unyevu, na kifaa cha kutoa mvuke. Ndani nikapanda mimea mitatu. Miwili ilikuwa midogo, yenye vijani vilivyojaa matone ya gundi kama umande. Wa tatu ndio niliupenda kuliko yote. Ncha za majani yake hurefuka kama uzi, halafu ncha ya uzi huvimba ikawa kikombe chenye kifuniko, na ndani ya kikombe mna maji. Mdudu huja kunusa, huteleza, basi. Nilikuwa na daftari la kuandika joto na unyevu mara nne kwa siku. Nikiwa kazini nilihesabu saa mpaka nirudi kusoma vipimo.

Tangi na meza yake vilichukua ukuta mzima, pale palipokuwa kitanda cha bibi, kile kikubwa cha mbao nyeusi alichoolewa nacho. Kitanda tulikifungua vipande tukakisimamisha kwenye ukumbi. Mimi nikalala kwenye godoro sakafuni. Bibi akalala juu, kwenye kitanda chembamba cha chuma.

Maji niliyatatua kwa njia ninayojivunia mpaka leo. Nyuma ya duka letu kuna bomba la AC linalodondosha maji tangu tunapofungua mpaka tunapofunga, na maji yale hayana chumvi, ni kama ya mvua. Nilitega dumu la lita tano. Kando ya duka hukaa fundi cherehani anayepinda leso za wateja, mtu wa Ukambani, Mkristo, aliyekuja Mombasa kutafuta kazi bandarini akaishia kwenye cherehani. Alinitazama siku kadhaa kabla hajaniuliza.

"Hayo maji unapeleka wapi kila siku?"

"Nyumbani."

"Kwani una gari, unatia kwenye betri?"

"Sina."

"Sasa maji ya betri ni ya nini?"

"Si ya betri, fundi. Ni ya mmea."

"Mmea gani huo wa kuchagua maji? Mimi nakunywa maji ya huu mji miaka kumi na moja, na sijachagua."

"Huu unakula nzi."

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Basi mlete hapa dukani. Atatufaa kuliko wewe."

Bibi naye alikuwa na maswali yake. Siku za mwanzo alikuwa akishuka, anavuta kiti mbele ya tangi, anakaza macho.

"Na hawa wala nini?"

"Wadudu, bibi."

"Humu ndani ya kioo huwapata wapi?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa na kopo la sisimizi waliokufa na kibanio cha nyusi. Nilimchukua sisimizi mmoja, nikafungua kifuniko kwa upana wa vidole viwili, nikamdondosha kwenye kikombe, nikafunga haraka unyevu usitoke.

"Ati!" bibi akasema. "Kiumbe cha kuwinda chalishwa kwa kibanio? Mtoe nje, babangu, ale mbu. Nje mbu watumaliza."

"Nje atakufa, bibi. Upepo una chumvi. Jua ni kali. Na unyevu siwezi kuuongoza."

"Haya," alisema, kwa sauti ile anayomjibia mwenye duka anayesema kitambaa hakitachuja. "Mwenyewe wajua."

Sikujua. Niliogopa, basi, na woga wangu nilikuwa nimeuandika kwenye daftari kwa tarakimu ukaonekana kama elimu.

Magoti yake yalianza kumsumbua mwaka jana. Kwanza alishuka upande upande akishika ukuta. Halafu akaanza kushuka mara mbili tu kwa siku. Choo kiko chini, jiko liko chini, kila kitu cha maana katika nyumba ile kiko chini, na kati yake na vitu hivyo kulikuwa na ngazi kumi na tatu za mawe, zisizolingana urefu, ambazo hata mimi hujikwaa nikiwa na haraka. Shangazi yangu huja kutoka Tudor kila Ijumaa na bakuli la kitu alichopika. Ijumaa moja alinikuta nafuta kioo kwa kitambaa cha pamba.

"Wewe, mwenye bustani. Mamangu yu wapi?"

"Juu."

"Juu afanya nini, na choo kiko huku?" Hakungoja jibu. "Mrudishie chumba chake."

"Nitamrudishia, shangazi. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwezi gani?"

Nilikuwa na sababu. Chumba cha juu kiko chini ya mabati na mchana kina joto la kupikia mkate, kwa hiyo tangi haliwezi kupanda. Kuiacha mimea chini na bibi haikuwezekana, kwa kuwa kitanda na tangi vilitaka ukuta mmoja. Iliyobaki ni kuitoa nje kabisa, na watu wa kwenye simu walisema mmea uliozoea kioo hautolewi ghafla, lazima uzoeshwe polepole. Nikachora jedwali la siku ishirini na moja. Siku ya kwanza kifuniko kifunguliwe upana wa kidole, siku ya pili vidole viwili, na kuendelea. Lakini kila ilipofika siku ya sita au ya saba ukingo wa jani uligeuka kahawia, nami nikafunga kifuniko na kuanza tena siku ya kwanza. Nilianza upya mara tano. Mtu anayejua kuhesabu ataona hizo ni wiki ngapi za ngazi kumi na tatu. Mimi najua kuhesabu, na daftari langu lina kila kitu. Safu ya ngazi za bibi haimo.

Bibi hakulalamika. Angelalamika ingekuwa rahisi zaidi kwangu, ningepata la kubishania. Nilichofanya badala yake ni kujiona mjukuu mwema. Siku za mapumziko, alasiri, nilimpelekea chai ya tangawizi juu, kikombe kikubwa na kaimati mbili au mkate wa mofa, nikakichukua kikombe kitupu magharibi. Nilipokiosha nilijihisi nimetimiza jambo.

Juu kwenye dirisha la bibi kuna mrehani ndani ya kopo la maziwa ya unga. Umekuwapo tangu nikumbuke, na majani yake huyachuma akayatia kwenye nywele au kwenye mto. Siku moja nilipompelekea chai niliona majani yamelegea na kuanza kuwa manjano kutoka chini. Mimi ni mtu wa namna hiyo: nilipita kando ya mwanamke aliyekaa mguu umenyooshwa juu ya mto, sikuuona mguu, nikaenda moja kwa moja kwenye mmea. Niliugusa udongo. Ulikuwa umelowa na unanata. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani mpaka kwenye kopo. Nikanusa vidole vyangu. Tangawizi.

"Bibi, mrehani wako unakufa. Umeunywesha nini?"

Alikuwa ameshika kikombe nilichomletea, hajakigusisha mdomo.

"Chai yako," akasema.

"Mbona?"

"Nikinywa ntashuka."

Aliyasema bila hasira hata kidogo, kama anayeniambia saa. Halafu akaongeza, kwa sababu aliona siondoki: "Asubuhi nanywa. Mchana sinywi. Hivyo nashuka chooni mara mbili, yatosha. Usinitazame hivyo, baba. Mrehani huota tena."

Nikasimama pale na vidole vinavyonata. Tangu lini? Sikuuliza, maana nisingeweza kulivumilia jibu. Kila jioni nilikuwa nabeba lita tano za maji kutoka Biashara Street kwa ajili ya mmea, nabadilisha mkono kila nyumba ya pili kwa sababu ya uzito, na muda wote huo bibi yangu alikuwa anajinyima maji ghorofani. Na yeye ndiye mwenye sheria ile, maji ya watu yasimwagwe kwenye mti.

Nilishuka. Nilizima taa, feni na kifaa cha mvuke, kimoja kimoja. Chumba kikawa kimya kwa namna niliyokuwa nimeisahau. Kisha nikampigia simu fundi, kwa kuwa kitanda kile hakibebwi na mtu mmoja.

Alikuja na bisibisi na nyundo, akavua viatu mlangoni, akamsabahi bibi kwa adabu zote. Tulikuwa tumemshusha tayari na kumketisha kwenye kiti kiwandani, mimi upande mmoja na ukuta upande wa pili.

"Karibu, fundi, baba. Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu, mama. Nataka tu kumuona huyu mla nzi anayekunywa maji ya AC."

Nikamwonyesha. Aliinama, akatazama taa, feni, bomba la mvuke, vipimo viwili ukutani. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye shingo mpaka kwenye kola.

"Na hii yote ni ya kufanya nini?"

"Kutengeneza joto na unyevu."

Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akalitazama shati, akanitazama mimi.

"Hapa?" akasema. "Mombasa?"

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi naye akacheka, na mimi nikacheka baadaye kidogo, kwa shida, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Wale watu wa kwenye simu waliishi kwenye nchi za baridi. Kwenye matangi yao walikuwa wanajaribu kutengeneza hewa kama ya kwetu. Mimi niliyezaliwa ndani ya hewa hiyo nilikuwa nimefunga dirisha ili niitengeneze upya, kwa umeme, ndani ya chumba cha mtu mwingine.

Tulilitoa tangi, tukaunga kitanda. Kilituchukua mpaka usiku kwa sababu bolti mbili zilikuwa zimeliwa na kutu na fundi alilazimika kuchonga vijiti badala yake. Bibi aliketi juu yake, akaupigapiga ubao wa kichwani kwa kiganja mara mbili, akaomba chai.

Ningependa kuandika kwamba mimea ilistawi papo hapo. Haikustawi. Nilirudia kosa langu kwa upande wa pili. Kwa kuwa nimeshaambiwa nje, niliipandisha darini kabisa, kwenye kipande kisicho na mabati, kwenye jua na upepo wa bahari, nikajiambia sasa nimeachilia. Kwa siku mbili ule wa vikombe uliungua majani manne na vikombe vyote vikanywea kama vidole vya mtu aliyekaa majini. Mmoja wa ile midogo ulikauka. Wa pili paka aliuangusha, akaulalia. Paka wa Mji wa Kale hana habari na daftari la mtu.

Niliushusha ule mmoja uliobaki na kuuweka kwenye ukingo wa kisima nikijitayarisha kuutupa. Bibi aliniona kupitia mlango wa chumba chake.

"Mwache hapo hapo nimuone."

"Ameshakufa, bibi."

"Wewe hukufa uliporudi na begi lako. Mwache."

Kiwandani jua huingia saa mbili tu kwa siku, mwishoni mwa asubuhi, kisha kuta hulizuia. Upepo wa bahari hupita juu ya paa bila kushuka. Kisima hutoa ubaridi na unyevu bila kuombwa. Si ndani na si nje. Sikupachagua kwa ujuzi wowote. Nilikuwa nimechoka tu, na bibi alikuwa amesema, na kubishana kulitaka nguvu ambayo sikuwa nayo. Niliacha dumu la maji kando. Mvua ya masika ilipoanza sikulihitaji hata dumu. Mvua ilinyesha juu ya kisima, juu ya mmea, juu ya ndala zangu nilizosahau.

Wiki nyingi hapakuwa na kitu. Halafu asubuhi moja kabla sijaenda kazini bibi aliniita.

"Pana uzi mpya, pale upande wa kisima. Nchani umevimba."

Nikainama nikatazama. Ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Nilitaka kwenda kuchukua daftari, na mkono wangu ulikuwa umeshaenda mfukoni kutafuta kalamu. Bibi akasema tu, "Utachelewa kazini."

Sasa yeye ndiye anayeuangalia. Kila nirudipo ananipa habari akiwa kitandani, mlango wazi: kikombe kimefungua kifuniko, kikombe kimepata mbu wawili na kombamwiko mdogo, jani la chini limekauka lakini la juu lapanda. Si mmea mzuri. Una makovu ya lile jua la darini, una majani mawili yaliyojikunja vibaya, na kikombe kimoja kimeota kimepinda. Wale watu wa kwenye simu wasingeupiga picha. Mimi mwenyewe siku nyingine siwezi kuutazama bila kuona kila jani nililoliharibu, na siku kama hizo napita kiwandani nimeinamisha macho na kupanda juu.

Sijapona woga wangu. Bado nakunja leso mara tatu, na fundi bado anauliza kama mla nzi ameomba soda. Chuoni sijarudi. Shangazi husema niko karibu kuwa mtu, na nadhani hilo ni pongezi. Mimi nalala kwenye kitanda cha chuma chini ya mabati, kwenye joto lile nililoliogopea mimea, na mchana wa Jumapili hakulaliki. Tangi liko ukumbini. Bibi hulitumia kuwekea vitunguu na viazi.

Kilichobadilika ni hiki: bibi analala chini kwenye kitanda chake, na alasiri anakunywa chai.